Waya Ulio Nyuma ya Plaiwudi

Ukitembea kutoka Shekilango kuelekea Mori, au ukikatisha mitaa ya Kijiweni na Palestina, hupiti hatua nyingi bila kusikia grinda. Sinza, Dar es Salaam, ni ya watu wanaojitengenezea vitu, na mtaa wenyewe ulizaliwa hivyo. Katika miaka ya 1970, kwa mradi wa viwanja na huduma uliogharamiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, watu waligawiwa viwanja vilivyopimwa hapa, Kijitonyama na Mikocheni. Barabara na maji vikaletwa, nyumba kila mtu akajijengea kwa mfuko wake na kwa fundi wake. Leo kata ya Sinza iko chini ya Manispaa ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni, lakini mageti, vibanda vya chipsi na vigari vya juisi ya miwa bado vinachomelewa kando ya barabara.

Kwa hiyo hakuna cha kushangaza mkazi wa huku akiamua kujitengenezea tela dogo la kwenda nalo kambini. Chesisi inatoka kwenye vyuma vya mraba, ekseli inatoka kwenye gari dogo lililozeeka, juu yake linajengwa boksi la plaiwudi. Ndani linawekwa godoro, friji ndogo ya betri, taa za LED, sehemu ya kuchaji simu, na feni, maana mtu wa Dar es Salaam hajui kulala bila feni. Sikukuu ikifika, familia inalivuta kwa Barabara ya Morogoro mpaka Mikumi, karibu kilomita 300, au inaishia Kigamboni ufukweni.

Karibu kila kitu kwenye tela hilo kitaonekana. Rangi itasifiwa, na matairi yatapigwa teke na kila mwanaume atakayepita, kama desturi ilivyo. Waya hautaonekana. Utapita nyuma ya plaiwudi, utabanwa kwa klipu, utafunikwa, na hakuna atakayeukumbuka mpaka siku utakapodai kukumbukwa. Fundi umeme anaitwa, anaangalia, anajibu bila kusita: "Hapa moja na nusu inatosha, bosi."

Fundi huyo hadanganyi. Anasema alichojifunza kwenye nyumba, ambako taa hufungwa waya wa milimita za mraba moja na nusu na soketi hufungwa wa mbili na nusu. Lakini nyumba ina volti 230 na tela lina 12, na tofauti hiyo inageuza hesabu yote. Kifaa cha wati 1,000 kikichomekwa ukutani huvuta ampea 4 na kidogo. Kifaa hichohicho kikiendeshwa kwa inveta inayotegemea betri ya volti 12, waya wa betri hubeba ampea zaidi ya 83, kabla hata ya kuhesabu kinachopotea ndani ya inveta yenyewe. Waya uliokuwa mkubwa kupita kiasi sebuleni unageuka uzi.

Chukua friji peke yake. Tuseme inavuta ampea 8, na kutoka betri ya gari mpaka nyuma ya tela ni mita 9, yaani mita 18 kwenda na kurudi. Kwa shaba halisi ya moja na nusu, volti 1.6 hivi zinapotelea njiani. Friji inapata 11 badala ya 12.6, inakohoa na kuzima, na samaki wanaoza kabla ya Chalinze. Kwa waya wa sita, kinachopotea ni sehemu nne za kumi za volti. Mpaka hapo hasara ni samaki tu. Hatari inakaa kwingine. Barabara inatikisa, na waya mgumu wa nyumba hauna subira na mtikisiko kama waya wa nyuzi nyingi laini. Unachoka, unakatika ndani kwa ndani. Au maungio yaliyosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu yanalegea. Maungio yenye ukinzani wa sehemu tatu za kumi za ohm, yakipitisha ampea 8, hutoa joto la wati 19 kwenye nafasi ya punje ya mchele, na hilo haliko mbali na joto la pasi ndogo ya kulehemu iliyoegemezwa kwenye plaiwudi kavu usiku kucha. Na chembe ya chuma ikikata plastiki ya waya usio na fyuzi, betri haitauliza kitu. Itamwaga mamia ya ampea kwa mpigo.

Tela likiungua, watu wakatoka salama au wasitoke, sentensi itakayosemwa inajulikana kabla haijasemwa. Ni mipango ya Mungu. Siku yake ilifika. Kazi ya Mungu haina makosa. Inasemwa misikitini na makanisani, na Sinza ina vyote viwili kwa wingi. Swali ni iwapo sentensi hiyo, ikitamkwa juu ya waya wa moja na nusu, ni imani au ni pazia.

Wapo wanaolimaliza swali haraka. Umeme ni fizikia, wanasema, Mungu hahusiki na ampea. Jibu hilo lina raha ya kusemwa barazani, ila linaruka mjadala mkubwa ambao watu wenye akili kuliko waruka-mjadala waliufanya kwa uzito, tena kwa kutumia moto. Mwishoni mwa karne ya 11, Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Tus, aliandika kitabu cha kuwapinga wanafalsafa, na mfano wake uliojulikana kuliko yote ni wa pamba kukutana na moto. Tunachokiona, alidai, ni kwamba pamba huungua moto unapoigusa. Hatukioni kitu chochote ndani ya moto kinachoilazimisha iungue. Anayeunguza ni Mungu, na kule kufuatana kwa moto na kuungua ni desturi Yake. Karibu karne moja baadaye Ibn Rushd wa Kurtuba alimjibu kwa kitabu kizima: anayefuta sababu anafuta na akili, kwa kuwa kujua kitu ni kujua sababu zake.

Ukisoma juu juu, Ghazali anaonekana kumpa fundi mzembe kinga kamili. Kama anayeunguza ni Mungu, waya mwembamba una kosa gani? Lakini Ghazali mwenyewe alijiwekea pingamizi hilo na kulijibu. Desturi ya Mungu, kwa mafundisho yake, ni ya kutegemewa. Mungu ametujengea ujuzi kwamba mambo yatakwenda kama yalivyozoea kwenda, na mwenye akili timamu haishi kwa hofu kwamba kitabu alichoacha nyumbani kimegeuka mnyama. Maana yake ni kwamba Ghazali na Ibn Rushd, wakikutana kwenye duka la vifaa vya umeme, wangebishana mpaka duka lifungwe juu ya nani hasa anayeupasha waya joto, kisha wote wawili wangenunua wa sita.

Hapo ndipo wengi wanapokosea wanapodhani kwamba dini na kipimo vinagombania kiti kimoja. Kuna tukio limesimuliwa katika mkusanyiko wa Hadithi wa Imam Muslim ambalo linafaa kusomwa na kila fundi wa jiji hili. Mtume alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka lililokuwa likiuzwa, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akajieleza kwamba ni mvua iliyolinyeshea. Angalia jibu alilopewa. Hakuambiwa kwamba anasema uongo, wala hakufundishwa hali ya hewa. Mvua ilikubaliwa kuwa mvua. Aliulizwa kwa nini ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione, kisha likafuata karipio zito dhidi ya anayedanganya.

Maelezo ya mfanyabiashara yalikuwa sahihi kabisa, na hayakumwokoa. Mbingu ilifanya lake. Kuzika nafaka iliyolowa chini ya nafaka kavu kulikuwa kazi ya mikono yake.

Nafaka iliyolowa ya Kariakoo ina umbo la roli ya waya. Nje pameandikwa mbili na nusu, rangi inang'aa kama shaba. Ukikwangua kwa kisu, ndani ni nyeupe, alumini iliyopakwa shaba nyembamba. Alumini hupitisha umeme, haina dhambi, na nyaya nyingi kubwa zinazopita juu ya vichwa vyetu ni za alumini. Lakini ukinzani wake ni mara 1.6 ya ule wa shaba, kwa hiyo aliyepiga hesabu ya shaba amepigwa yeye. Mizani inafichua haraka kuliko kisu: mita 100 za waya wa mbili na nusu zina kilo 2 na robo hivi za shaba tupu, bila plastiki, za alumini hazifiki kilo 1. Kuna pia hila ya kimyakimya zaidi, roli inayouzwa kwa jina la mita 100 kumbe ni yadi 100, na mita zaidi ya 8 zimeyeyuka dukani. Nchi ina wakaguzi wake. Shirika la Viwango, TBS, lina makao yake Ubungo, jirani kabisa na Sinza. Kuna Wakala wa Vipimo, kuna Tume ya Ushindani inayofukuzana na bidhaa feki. Miji ya Kiislamu ya zamani nayo ilikuwa na muhtasib, ofisa aliyezunguka sokoni kukagua mizani na mikate, na kazi yake ilihesabiwa kuwa sehemu ya dini. Hata hivyo, waya ukishafunikwa na plaiwudi, hakuna mkaguzi anayerudi kuubandua ukuta.

Upande wa Biblia swali hili limeshikwa kisheria zaidi, kwa mifano ya mifugo na nyumba. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwagiza anayejenga nyumba mpya azungushie kizuizi juu ya dari yake tambarare, ili mtu akianguka damu isiwe juu ya nyumba hiyo. Amri hiyo haikumngoja mtu aanguke kwanza. Kutoka, sura ya 21, inaingia ndani zaidi kwa habari ya ng'ombe. Ng'ombe aliyeua kwa pembe kwa mara ya kwanza anauawa yeye, mwenyewe anaachiliwa. Kama alikuwa na mazoea hayo, mwenyewe akaonywa na asimfunge, hukumu inampanda mwenye ng'ombe. Mnyama ni yuleyule, na pembe ni zilezile. Kilichobadilika ni kile ambacho mtu alikuwa anakijua.

Kwa kipimo hicho, mtu aliyefunga waya mwembamba mwaka ambao hakuna aliyemweleza yuko mahali pamoja, na yule aliyeona tepu imeyeyuka safari ya kwanza, akaongeza tepu juu ya tepu, yuko pengine. Tanzania imelijadili jambo hili kwa machozi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka kikikaribia Ukara katika Ziwa Victoria, na waliokufa walizidi 200. Rais John Magufuli alitangaza siku 4 za maombolezo na kuamuru wahusika wa kivuko wakamatwe. Sala na pingu zilikwenda siku moja, na hakuna shehe wala askofu aliyehitaji kueleza kwamba havipingani. Ajabu ni kwamba elimu hiyo tunayoijua kwa vivuko hatuibebi mpaka gereji.

Pingamizi la kweli ni la pesa. Waya wa sita unauzwa ghali, mita kwa mita, na anayejenga tela kwa akiba ya mshahara anaweza kuona maadili haya ni ya watu wa Masaki. Hilo haliwezi kupuuzwa, kwa sababu mahubiri ya usalama mara nyingi huishia kuwa mahubiri ya matumizi. Lakini umeme, kwa bahati, unampa maskini nafasi ya kuwa mwaminifu kwa bei ndogo. Nafasi hiyo ni fyuzi.

Watu wengi wanaamini fyuzi huwekwa ili kulinda friji au redio. Kazi yake ya kwanza ni kuulinda waya. Ndiyo maana hukaa karibu na betri kadiri inavyowezekana, mwanzoni kabisa mwa waya, na ukubwa wake huchaguliwa kwa kuutazama waya kabla ya kifaa. Aliyeshindwa bei ya waya wa sita anaweza kufunga wa moja na nusu na kuuwekea fyuzi ya ampea 10. Friji yake itakuwa goigoi, pengine itagoma. Inveta ataisahau. Lakini siku mtoto wake atakapojaribu kuunganisha kitu kikubwa, kitakachoungua ni kipande kidogo cha metali ndani ya plastiki. Fyuzi ndogo inautangaza udhaifu wa waya mahali ambapo kila mtu anaweza kuuona. Ni nafaka iliyolowa iliyowekwa juu ya rundo. Na kinyume chake kipo mitaani: fyuzi ikikatika mara mbili, mwerevu mmoja anaiondoa na kuziba kwa waya au karatasi ya pakiti ya sigara, mambo yanaendelea, kila mtu anamsifu. Huyo amelirudisha rundo kama lilivyokuwa, kavu juu, maji chini.

Itakuwa haki kuwauliza wenye dini kama basi kuna chochote kinachobaki mikononi mwa Mungu baada ya fyuzi zote kuwekwa. Mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi na Wazande katika miaka ya 1920 kusini mwa Sudan ya wakati huo, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya ghala la nafaka linaloporomoka na kuwaumiza watu waliojipumzisha kivulini chini yake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Walijua pia kwamba watu huketi pale kukwepa jua. Walichouliza ni kwa nini watu hawa, chini ya ghala hili, wakati huohuo. Wao walijibu kwa uchawi, na mtu anaweza kulikataa jibu hilo huku akikiri kwamba swali lenyewe halijibiwi na mchwa.

Mama aliyempoteza mtoto kwenye moto haulizi ukinzani wa alumini. Anauliza kwa nini wangu, kwa nini usiku ule. Mhubiri anayemjibu kwa milimita za mraba amekosa utu, na mkaguzi anayeandika "mipango ya Mungu" kwenye ripoti yake amekosa kazi. Kila mmoja ana swali lake. Balaa huja pale fundi anapokimbilia swali la mama ili asijibu swali la mkaguzi. Hapo analala kwenye kitanda cha mfiwa wakati yeye siye aliyefiwa.

Linabaki jambo la kuuza, kwa sababu matela hayakai na mtu mmoja. Watoto wakikua au ada ya shule ikibana, tela linawekwa kando ya barabara na karatasi ya "LINAUZWA". Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani hii, mnunuzi anayegundua kasoro iliyofichika ambayo ilikuwepo kabla ya kununua ana haki ya kurudisha mali na kudai pesa zake. Na kusema "nauza kama lilivyo" hakumsafishi muuzaji aliyekuwa akiijua kasoro hiyo na kuinyamazia. Lakini mnunuzi ataijuaje kasoro iliyo nyuma ya plaiwudi iliyopakwa rangi mara mbili?

Mafundi wachache wanaofunga boti na magari ya utalii wana desturi isiyogharimu hata elfu mbili. Wanachora njia za waya kwenye karatasi, wanaandika ukubwa wa kila waya, fyuzi yake ni ya ampea ngapi na maungio yako wapi, kisha wanaibandika ndani ya mlango wa kabati na kuifunika kwa plastiki. Karatasi ya namna hiyo kwenye tela la Sinza ingesomeka hivi: friji, waya wa sita, fyuzi 15; taa na feni, moja na nusu, fyuzi 10; soketi ya kuchaji simu, moja na nusu, fyuzi 5; maungio mawili nyuma ya kitanda upande wa kushoto, yalikazwa tena kabla ya safari ya mwisho; inveta haijafungwa, waya uliopo hauiwezi.